Kupima muda wa kuishi wa chembe D0 kwa data za LHCb: mwongozo kwa anayeanza

Maswali yanayotufikia kutoka kwa wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi, na wenzao wa Likasi na Kolwezi, ni yaleyale kila mwaka. Chembe inayoishi chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde inapimwa kwa saa gani? Ni lazima nifike Genève? Mashine yangu yenye RAM ya GB 4 itaweza? Mbona nimepata 0.00041 na kitabu kinasema 0.41? Mwongozo huu unayajibu kwa kazi moja kamili, kuanzia kupakua faili hadi kuandika jibu lenye kiwango chake cha shaka. Saa haitumiki popote. Kinachopimwa ni umbali, na hesabu ndiyo inayougeuza kuwa muda.

Chembe yenyewe ni D0, iliyoundwa na kwaki charm na antikwaki up. Masi yake ni karibu MeV 1,865 (MeV ni kizio cha nishati kinachotumika pia kwa masi; GeV 1 ni MeV 1,000) na inaishi kwa wastani pikosekunde (ps) 0.410. Tumeichagua kwa sababu inazaliwa kwa wingi mno katika LHC, mashine ya CERN karibu na Genève inayogonganisha protoni, na karibu mara 4 kati ya 100 inaoza na kuwa kaoni moja na pioni moja tu, zote zenye chaji, kwa hiyo kuitambua ni rahisi. Zaidi ya hayo, kikundi cha LHCb, kinachoendesha kimojawapo cha vigunduzi vya LHC, kimeweka hadharani jozi za kaoni na pioni zilizochujwa tayari kwa ajili ya wanafunzi. Ukiweza kutumia Python kidogo, jioni mbili zinatosha.

Nadharia, kiasi cha kuanzia tu

Chembe haizeeki. D0 iliyokwisha kuishi ps 1 ina nafasi ileile ya kuoza sasa hivi kama ile iliyozaliwa muda huu. Ndiyo maana idadi ya zilizobaki inashuka kwa kanuni N = N0·exp(−t/τ), na τ ndio muda wa wastani wa kuishi tunaoutafuta. Darasani umezoea nusu-uhai, kama ule wa urani 238 ya Shinkolobwe, miaka bilioni 4.5 hivi. Nusu-uhai ni 0.693 ya τ. Kwa D0 ni ps 0.284, na atakayeandika namba hiyo mahali pa τ atadhani amekosea vipimo vyake vyote.

Kwa ps 0.410, hata mwanga husafiri mm 0.123 tu. Kinachotuokoa ni kasi: D0 yenye momenta ya GeV 60 inaonekana, kwetu tuliosimama nje, kuishi mara 32 zaidi, na inaruka wastani wa mm 4 kabla ya kuoza. Milimita hizo 4 zinapimika. Silikoni za kigunduzi cha LHCb kilicho karibu na mwali wa protoni, zile zilizotumika kabla ya ukarabati wa 2022, zilikuwa umbali wa mm 8 hivi kutoka mwali wenyewe. D0 karibu zote huwa zimeshaoza kabla ya kuzigusa. Kinachogusa silikoni ni kaoni na pioni; tunazifuata njia zao kurudi nyuma hadi zinapokutana, na hapo ndipo D0 ilipoozea. Njia nyingine nyingi za tukio lilelile hukutana kwenye pointi ya mgongano, na hapo ndipo ilipozaliwa. Umbali kati ya pointi hizo mbili ni L.

Muda wa kila chembe ni:

t = L × m / (p × 0.2998)

L iwe katika mm, m na p katika GeV, na t itatoka katika ps. Kwa L = 5.0, m = 1.865 na p = 60 unapata ps 0.518. Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara moja kabla ya kuikabidhi kompyuta.

Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta yoyote ya GB 4 za RAM, Linux au Windows, yenye nafasi ya GB 2 kwenye diski.
- Python 3 pamoja na maktaba numpy, scipy, matplotlib na uproot. Usihangaike kusakinisha ROOT nzima (programu ya CERN ya kuchambua data) kwa kazi hii. Uproot inafungua mafaili ya ROOT bila ROOT yenyewe, na itakupunguzia mega nyingi.
- Faili la jozi za D0 kutoka tovuti ya data huria ya CERN, opendata.cern.ch. Halina malipo wala halihitaji akaunti.
- Daftari la karatasi. Kila kikomo unachochagua kiandikwe humo pamoja na sababu yake, kabla hujaona jibu.
- Mtu wa pili. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 5.

Mambo mawili ya kwetu. Kibodi nyingi hapa ni AZERTY, na mabano ya mraba ambayo Python inayadai kila mstari yako chini ya AltGr, yatafute mapema. La pili ni zito zaidi: mashine iliyopangwa kwa Kifaransa inatumia mkato pale Python inapotumia nukta. Ukilifungua faili la CSV kwa Excel ya namna hiyo, 0.410 inaweza kugeuka kuwa maandishi, na namba nyingine kuwa tarehe. Usipitishe data kwenye Excel hata kwa kuchungulia tu ukahifadhi. Baki ndani ya Python mwanzo hadi mwisho.

Hatua

1. Pakua faili na ulihakiki. Tumia `wget -c` ikifuatiwa na anwani ya faili. Ile `-c` inafanya upakuaji uendelee pale ulipokatikia. Umeme au mtandao ukienda, rudia amri ileile na hutalipia mega zilezile mara ya pili. Baada ya hapo, hesabu alama ya uhakiki. Ukurasa wa faili unaonyesha namba ya aina ya adler32, na Python inayo ndani ya moduli ya zlib. Zikitofautiana hata herufi moja, faili halikufika zima. Faili lililokatika linaweza kufunguka vizuri kabisa na kukupa nusu ya jozi bila onyo lolote.

2. Soma safu unazozihitaji tu. Unahitaji nne: masi ya jozi, muda wa kuoza, umbali wa kukosa (tutaueleza kwenye hatua ya 6) na momenta ya kukingama (sehemu ya momenta iliyo wima kwa mwali). Orodhesha kwanza majina ya safu, kisha zisome hizo peke yake; ukisoma zote, GB 4 zako zitajaa. Zihifadhi mara moja kama faili la numpy ili kesho usianze upya.

Sasa chapisha thamani kumi za kila safu na uzitazame kwa macho. Masi ikiwa 1.86 ni GeV, ikiwa 1,860 ni MeV. Programu za LHCb huandika muda kwa nanosekunde, kwa hiyo thamani kama 0.0005 ni ps 0.5. Zidisha kwa 1,000 hapohapo, ubadilishe na jina la safu liwe `t_ps`. Hili ndilo jibu la lile swali la 0.00041, linaloulizwa kuliko maswali mengine yote.

3. Chora masi na utenganishe ishara na usuli. Tengeneza histogramu kutoka MeV 1,815 hadi 1,915, vyumba 100 vya MeV 1. Utaona kilima katikati ya uwanda. Kilima ni D0 halisi. Uwanda ni usuli, yaani kaoni na pioni zilizokutana kwa bahati bila kuwa na mzazi mmoja. Fiti kilima kwa Gauss (mkunjo wa umbo la kengele, ambao upana wake unapimwa kwa sigma) na uwanda kwa mstari ulionyooka, kwa pamoja. Mpe programu namba za kuanzia zenye akili: kituo 1,865, sigma 8. Ukimwachia aanze na 0 na 1 atapotea.

Tuseme sigma imetoka MeV 8. Weka madirisha hivi:

- Dirisha la kati: sigma 3 kila upande, yaani 1,841 hadi 1,889. Upana MeV 48.
- Madirisha ya kando: 1,815 hadi 1,833, na 1,897 hadi 1,915. Jumla ya upana MeV 36.

Kati yao acha pengo la sigma 1 kila upande, mkia wa kilima usivuje hadi kando. Kisha k = 48/36 = 1.333. Maana yake: kila jozi 3 zilizo kando zinawakilisha jozi 4 za usuli zilizojificha katikati. Hesabu hiyo inasimama ikiwa usuli ni mstari ulionyooka na madirisha ya kando yanalingana pande zote mbili. Uwanda ukipinda waziwazi, sogeza kando karibu zaidi na kilima badala ya kulazimisha.

4. Chagua mwanzo wa muda, na uwe mkali. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukichora histogramu ya t utaona haianzi juu kabisa kwenye sifuri. Inapanda, inafika kileleni, ndipo inaanza kushuka. Ule mpando ni kazi ya vichujio vya LHCb: mashine inagonganisha mafungu ya protoni hadi mara milioni 40 kwa sekunde, haiwezekani kuhifadhi yote, na njia rahisi ya kutambua D0 ni kudai kwamba njia za kaoni na pioni zisipite kwenye pointi ya mgongano. D0 iliyoishi muda mfupi mno inakataliwa. Ukifiti kuanzia sifuri, unapima kichujio pamoja na chembe.

Dawa inatokana na ile sifa kwamba chembe haizeeki. Ukitupa zote zilizo chini ya t0, zilizobaki zinashuka kwa τ ileile, ukihesabu muda wao kuanzia t0. Huna haja ya kujua kichujio kilifanya nini chini ya t0, mradi juu yake kinazipokea zote kwa kiwango kimoja.

Kupima muda kwa LHCb kuna mtawanyiko wa karibu ps 0.05. Kwa hiyo t0 isiwe chini ya ps 0.15, yaani mara tatu ya mtawanyiko huo. Juu ya hapo mtawanyiko hauigusi τ, kwa sababu ekisponenti iliyotawanywa kwa Gauss inabaki ekisponenti ileile mbali na mwanzo wake. Lakini kichujio kinaweza kudai zaidi. Jaribu t0 ya 0.15, 0.30, 0.45 na 0.60. Gharama ni hii: kati ya D0 10,000, zinazopita ps 0.15 ni 6,900 hivi, na zinazopita ps 0.60 ni 2,300 tu. Kiwango cha shaka kwa jozi safi ni τ gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo unatoka ps 0.0049 hadi ps 0.0085. Lipa gharama hiyo bila kusita. Jibu lenye shaka kubwa kidogo lakini la kweli linafaa kuliko jibu kali lililopinda.

Mwisho wa dirisha, t1, uwe ps 5. Baada ya hapo karibu kila kitu ni usuli.

5. Hesabu τ. Wanaoanza hupenda kuchora logi ya idadi na kupitisha mstari ulionyooka. Usifanye hivyo. Vyumba vya mwisho vina jozi mbili au tatu, logi inavitendea vibaya, na vyumba vyenye sifuri vinatoweka kabisa. Histogramu ni ya kutazama. Hesabu yenyewe inatumia kila jozi moja kwa moja:

```
T = t1 - t0
a = t_kati[(t_kati > t0) & (t_kati < t1)] - t0
b = t_kando[(t_kando > t0) & (t_kando < t1)] - t0
n = len(a) - k*len(b)
wastani = (a.sum() - k*b.sum()) / n
tau = wastani
for i in range(50):
    tau = wastani + T/(np.exp(T/tau) - 1)
shaka = np.sqrt(((a-wastani)**2).sum()
        + k**2*((b-wastani)**2).sum()) / n
```

Jozi za katikati zinahesabiwa moja moja, za kando zinatolewa kwa uzito k, na kinachobaki ni wastani wa D0 halisi. Ule mzunguko wa mara 50 unasahihisha ukweli kwamba tumekata mkia kwenye t1. Dirisha likiwa na urefu wa mara 10 ya τ, marekebisho ni madogo mno. Likiwa mara 3 tu ya τ, wastani usiosahihishwa unapungua kwa karibu asilimia 16, na wengi wanalaumu data badala ya mkia walioukata. Mstari wa mwisho unahesabu shaka ya takwimu kwa madirisha marefu kama hili letu, na unajumuisha shaka iliyoletwa na kutoa usuli.

Kabla ya kuigusa data, ijaribu programu kwa chembe za kubuni. Tengeneza muda 10,000 kwa `np.random.exponential(0.410, 10000)`, ongeza mtawanyiko wa Gauss wa 0.05, usiweke usuli, na ukate kwenye t0 = 0.15. Rudia mara 200. Wastani wa majibu uwe 0.410, na mtawanyiko wake uwe karibu 0.005. Ikishindwa hapa, tatizo liko kwenye mistari yako, na ni afadhali ulijue sasa.

Halafu yule mtu wa pili. Kabla hujaendesha hesabu kwenye data halisi, yeye achague namba ya siri kati ya 0.9 na 1.1, aiandike kwenye faili usilolifungua, na programu izidishe τ kwa namba hiyo kabla ya kuionyesha. Utafanya chaguo zote, vikomo vyote, bila kujua kama uko karibu na 0.410. Siku ya mwisho ndipo mnaifungua. Wanaopima kwa kazi rasmi wanajificha jibu hivyohivyo, na kwa sababu nzuri. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba chembe Ωc inaishi femtosekunde (fs; fs 1,000 ni ps 1) 69, kutokana na vipimo vya jozi chache. Mwaka 2018 LHCb walipata fs 268, karibu mara nne. Mtu anayesogeza vikomo hadi jibu lifanane na kitabu asingeiona tofauti hiyo kamwe.

6. Ondoa D0 zilizozaliwa na B. Si kila D0 inazaliwa kwenye pointi ya mgongano. Nyingine ni watoto wa chembe za B, ambazo zenyewe huishi karibu ps 1.5. B inaruka, inaoza, D0 inatoka, nayo inaruka tena. Sisi tunapima L kuanzia mgongano, kwa hiyo safari ya B inahesabiwa ndani ya umri wa D0, na τ inatoka ndefu kuliko ilivyo. Masi haiwezi kukusaidia: hizi ni D0 halisi, zimekaa juu ya kilima pamoja na nyingine.

Zinajitambulisha kwa mwelekeo. Njia ya D0 iliyozaliwa kwenye mgongano, ukiirefusha kurudi nyuma, inapita kwenye pointi ya mgongano. Ya mtoto wa B inaikosa. Umbali wa kukosa ndiyo ile safu ya tatu. Chora log10 ya umbali huo katika mm, baada ya kutoa usuli. Utaona kilima kikubwa cha D0 za moja kwa moja, na kuliani mwake bega au kilima kidogo, karibu na sehemu za kumi za milimita: hao ndio watoto wa B.

Anza bila kikomo chochote, hesabu τ, kisha shusha kikomo cha juu cha log10 kwa hatua za 0.2 na kila mara hesabu upya. Chora τ dhidi ya kikomo. Kwanza itashuka, kisha itatulia. Kikomo chako kiwe mahali ilipotulia, na uwe umekichagua kwa kutazama umbo la vilima, kabla ya namba ya siri kufunguliwa.

Usikaze kupita kiasi. Njia ya D0 inarefushwa kutoka pointi ya kuoza hadi kwenye mgongano. Kadiri ilivyoruka mbali, ndivyo kosa dogo la pembe linavyokuwa kubwa ikifika nyuma. Kikomo kikali mno kinatupa zilizoishi muda mrefu kuliko zilizoishi kidogo, na τ inaanza kushuka tena bila haki. Ukiona mchoro unashuka, unatulia, kisha unashuka mara ya pili, sehemu ya katikati ndiyo ya kuiamini.

7. Tafuta shaka isiyo ya takwimu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, urudie hesabu, na uandike τ imesogea kiasi gani:

- t0 juu na chini kwa 0.15
- t1 iwe 4, kisha 6
- dirisha la kati sigma 2.5, kisha 3.5, ukikumbuka kuhesabu k upya
- kikomo cha umbali wa kukosa hatua moja kila upande

Misogeo midogo ya t0 mara nyingi ni takwimu tu, kwa kuwa umebadilisha idadi ya jozi. Unachotafuta ni mwelekeo: τ ikishuka kila unapopandisha t0, bado uko ndani ya eneo la kichujio; ikipanda, huenda bado una watoto wa B.

Kuna kosa moja ambalo hutaliona kwa njia hizi: rula yenyewe. Kama silikoni zingekuwa zimepangwa kwa nafasi zilizopimwa vibaya kwa asilimia 0.1, kila L ingepotoka kwa asilimia 0.1, na τ pia, moja kwa moja. Kipimo cha momenta hakina ukali huo, mradi umetumia masi iliyopimwa kwa jozi ileile: m na p hupanda na kushuka pamoja, na katika m/p kosa linafutana kwa sehemu kubwa. Tumia masi ya jozi, usitumie 1.865 kwa zote.

Mambo yakienda kombo

*Kilima cha masi hakionekani.* Angalia kama histogramu iko katika MeV na data iko katika GeV. Ikiwa masi umeikokotoa mwenyewe, huenda umempa pioni masi ya kaoni na kaoni ya pioni. Kilima hutawanyika na kuwa kifusi kipana.

*τ ni ndefu mno, hata baada ya hatua ya 6.* Pandisha t0. Kisha hakikisha unatoa usuli: chora t ya madirisha ya kando peke yake, na ukiona mkia wake ni mrefu, basi k isiyo sahihi inatosha kukuharibia.

*τ ni fupi mno.* Tazama muda mrefu. Programu ya kutafuta njia huziona vibaya zaidi njia zilizoanza mbali na mwali, kwa hiyo D0 za ps 3 au 4 hupungua. Shusha t1 hadi 3 uone. Kama τ inapanda, umempata mwizi.

*Vyumba vya mwisho vina idadi hasi baada ya kutoa usuli.* Ni sawa kabisa. Usivifute wala kuvigeuza sifuri. Ukifanya hivyo unaongeza mkia usiokuwepo.

*Shaka imetoka ndogo ajabu.* Huenda umefiti histogramu iliyokwisha kutolewa usuli ukaiachia programu ya kuchora itumie kipeuo cha pili cha kilichobaki. Shaka ya kila chumba ni kipeuo cha pili cha (kati + k² × kando). Kwa k = 1.333, k² ni 1.778.

*Programu inasimama katikati kwa kukosa RAM.* Soma faili kwa vipande vya jozi 100,000, tupa zilizo nje ya 1,815 hadi 1,915, hifadhi zilizobaki. Na kwa kuwa delestaji (kukatwa kwa umeme) haitoi taarifa, kila hatua imalizike kwa kuandika faili.

*Kila kitu kiko sawa, ila jibu liko mbali na 0.410 kwa mara tatu ya shaka.* Usirudi kusogeza vikomo. Rudi kwenye chembe za kubuni, ongeza humo usuli na watoto wa B (muda wa ziada wa ekisponenti kwa sehemu ndogo ya jozi), na uone ni kosa gani linaloleta msogeo wa ukubwa huo.

Kuandika jibu, na chembe za kufuata

Andika τ, shaka ya takwimu, kisha shaka ya mfumo, zikiwa zimetengana. Mfano mzuri wa kuigwa ni kipimo cha Belle II, kigunduzi kilichoko Tsukuba, Japani, cha mwaka 2021: τ ya D0 ni fs 410.5 ± 1.1 ± 0.8. Namba ya kwanza ya shaka inapungua ukiongeza data; ya pili haipungui hadi ujue kifaa chako vizuri zaidi. Tarakimu zifuate shaka: ukiwa na shaka ya ps 0.008, andika 0.413, usiandike 0.41327.

Ukimaliza D0, njia hii inafaa bila mabadiliko makubwa kwa D+ (ps 1.03), B0 (ps 1.52) na hata tau (ps 0.29), ingawa tau inatoa nyutrino isiyoonekana na p yake lazima ikadiriwe. K0 ya muda mfupi huishi ps 89.5 na Lambda karibu ps 260. Hizo huruka sentimita hadi mita, nyingi zinatoka nje ya silikoni kabla ya kuoza, na kazi kubwa inakuwa kusahihisha zilizopotea upande wa muda mrefu.

Usijaribu njia ya umbali kwa Z. Inaishi karibu sekunde 2.6 × 10⁻²⁵, na hakuna silikoni itakayotenganisha mahali ilipozaliwa na mahali ilipoozea. Kwake unapima upana wa kilima cha masi, GeV 2.495, na kugawa 6.582 × 10⁻²⁵ kwa upana huo. Kwa D0 upana wa asili wa kilima ni mdogo mno. Ile MeV 8 uliyoifiti kwenye hatua ya 3 ni ya kigunduzi, na haina habari yoyote kuhusu τ.